Sura ya 6: Fremu Iliyochelewa

"Gemu hii ilitoka mwaka 2005. Kompyuta yangu imetengenezwa zaidi ya miaka kumi baadaye. Sasa mbona picha inakwamakwama?"

Swali hili husikika Kampala popote vijana na kompyuta wanapokutana: kwenye mabweni ya Makerere, kwenye vyumba vya kupanga vya Wandegeya, kwenye maduka ya laptopu zilizotumika katikati ya jiji. Anayeuliza amepiga hesabu yake sawasawa. Mashine yake ina nguvu mara nyingi kuliko ile ambayo gemu iliandikiwa. Hata hivyo, kila baada ya muda mfupi gari analoendesha kwenye skrini linasita kidogo, kisha linaruka mbele. Kusita kwenyewe hakufiki hata nusu sekunde, lakini kunatosha kumgongesha ukuta.

Jibu analopewa mara nyingi ni fupi: mashine imechoka, tafuta nyingine. Jibu hilo linakula pesa, na mara nyingi tatizo linamfuata mwenye pesa hadi kwenye mashine mpya. Sura hii ina hoja moja. Gemu ya zamani inapokwamakwama kwenye kompyuta iliyotengenezwa miaka mingi baada yake, kwa kawaida nguvu hazijapungua. Kuna kazi moja ndogo iliyochelewa, na kazi hiyo inaweza kutafutwa na kupatikana kwa subira, pengine bila kutoa hata shilingi.

Mfano wetu mkuu utakuwa Grand Theft Auto: San Andreas. Ilitengenezwa na Rockstar North ya Edinburgh, Uskoti, ikatoka kwa PlayStation 2 mwezi Oktoba 2004, kwa kompyuta mwezi Juni 2005, na kwa simu mwishoni mwa 2013. Afrika Mashariki ni wachache waliokulia mjini wasioijua. Isitoshe, ndani yake zimo karibu aina zote za kukwama tunazotaka kuzieleza.

Picha inayotembea imeundwa na nini?

Hakuna kinachotembea kwenye skrini. Kompyuta huchora picha moja iliyotulia, ikaionyesha, ikachora nyingine yenye tofauti kidogo, ikaionyesha, na kuendelea hivyo. Kila picha moja huitwa fremu. Zikifuatana upesi, macho huziunga na kuona mwendo.

Gemu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde huipa kila fremu muda wa milisekunde 16.7. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Inayoonyesha fremu 30 huipa kila moja milisekunde 33.3. Ndani ya muda huo kazi zote za fremu lazima ziishe: kusoma vitufe ulivyobonyeza, kukokotoa gari limefika wapi, kuamua askari wanakimbilia upande gani, kutoa sauti, kisha kuchora picha yenyewe.

Kazi hizo hugawanywa. Prosesa, ile chipu kuu ya kompyuta, hufanya hesabu. Kadi ya michoro, ambayo kwenye laptopu nyingi za bei nafuu imo ndani ya prosesa hiyohiyo, huchora. RAM ni kumbukumbu ya muda: huhifadhi vitu vinavyotumika sasa hivi na hufutika mashine ikizimwa. Diski huhifadhi kila kitu kwa kudumu, lakini huchukua muda zaidi kukitoa.

Mmoja kati ya hawa wanne akichelewa, fremu nzima inachelewa. Skrini haina picha mpya ya kuonyesha, kwa hiyo inarudia ile ya zamani. Wewe unaona gari limesita. Fremu inayofuata ikifika, hesabu zimeshasonga mbele, na gari linaonekana limeruka.

Wastani unavyoficha tatizo

Vijana wengi huweka namba ya fremu kwa sekunde kwenye kona ya skrini ili kupima afya ya mashine. Namba hiyo ni wastani, na wastani una tabia ya kuficha.

Chukua sekunde moja. Ndani yake kompyuta imetoa fremu 55, kila moja kwa milisekunde 15. Hizo ni milisekunde 825. Fremu ya 56 imekwama, ikachukua milisekunde 175 zilizobaki. Namba kwenye kona itasoma 56, na mtu atasema mashine inakwenda vizuri. Lakini katika sekunde hiyo, kwa zaidi ya sehemu moja ya sita, skrini ilisimama kabisa.

Mtazame muuza rolex wa Wandegeya. Anatoa chapati moja yenye mayai kila dakika mbili, kwa hiyo kwa saa anahudumia watu 30. Siku moja mayai yanamwishia. Anamtuma kijana dukani, na kwa dakika kumi sigiri inawaka bila kazi. Mayai yakifika anaendelea kwa kasi yake ileile, na saa inapoisha amehudumia watu 25. Ukisoma hesabu ya saa nzima, utasema mambo si mabaya. Aliyesimama pale dakika kumi na njaa yake ana habari tofauti. Zaidi ya hayo, ukimnunulia muuzaji sigiri kubwa mara mbili, hutakuwa umemsaidia kitu, kwa sababu sigiri haikuwa na kosa. Mayai ndiyo yaliyochelewa.

Kwa ufupi:

- Fremu ni picha moja kati ya nyingi zinazounda mwendo.
- Kukwama ni fremu moja kuchelewa, hata kama nyingine zote zimewahi.
- Wastani wa fremu kwa sekunde hauonyeshi kukwama. Kinachoonyesha ni muda wa kila fremu.
- Kuongeza nguvu mahali pasipo na kosa hakuondoi kuchelewa.

Mji mkubwa ndani ya kumbukumbu ndogo

PlayStation 2 ilikuwa na RAM ya megabaiti 32 tu. Simu janja ya bei ya chini kabisa inayouzwa leo ina mara nyingi zaidi ya hapo. Ndani ya nafasi hiyo Rockstar North walitaka kuingiza jimbo zima: miji mitatu ya Los Santos, San Fierro na Las Venturas, pamoja na mashamba, milima na jangwa katikati yake. Halikuingia, na halikupaswa kuingia lote. Walichofanya ni kuweka ndani ya RAM ile sehemu tu inayomzunguka mchezaji. Unapoendesha kuelekea mtaa mpya, gemu inasoma majengo ya mtaa huo kutoka kwenye diski na kufuta yale uliyoyaacha nyuma. Kazi hii inaendelea muda wote unapocheza, bila kukusimamisha.

Toleo la kompyuta lilirithi mpango huohuo. Mahitaji yake ya chini yalikuwa RAM ya megabaiti 256 na prosesa ya gigahezi 1. Kompyuta yako ya leo ina RAM ya kutosha kubeba gemu nzima, lakini gemu haijui hilo. Imeandikwa kuomba vitu kidogokidogo kutoka kwenye diski, na itaendelea kuomba hivyo hata ukiipa mashine kubwa namna gani.

Hapa ndipo diski ya zamani inapojitokeza. Laptopu nyingi zilizotumika zina diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua milisekunde 11. Kitu kinachotafutwa kinaweza kuwa upande wowote wa sahani, kwa hiyo kwa wastani utangoja nusu mzunguko, milisekunde 5.6. Ongeza muda wa mkono wa kusomea kusogea hadi mahali panapotakiwa, ambao mara nyingi huzidi milisekunde 10. Ombi moja tu limekula milisekunde 15 na zaidi, yaani karibu muda wote wa fremu moja kati ya 60. Maombi matano yakifuatana, umeshaona gari likisita. Ndiyo maana San Andreas hukwama zaidi ukiwa kwenye gari la kasi au ndege kuliko unapotembea kwa miguu: mitaa mipya inahitajika upesi kuliko diski inavyoweza kuitoa.

Diski ya chipu, inayojulikana madukani kama SSD, haina sahani wala mkono. Ombi kama hilo huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Kama kuna kifaa kimoja ambacho pesa yake hurudi haraka kwenye laptopu ya zamani, ni hiki. Lakini usikimbilie kukinunua kabla ya kumaliza sura, kwa sababu huenda mchelewaji wako ni mwingine.

Ishirini na tano ndani ya sitini

Aina ya pili ya kukwama inawachanganya hata mafundi, kwa sababu hutokea ingawa hakuna kitu kilichochelewa.

Kwenye mipangilio ya San Andreas ya kompyuta kuna sehemu inayoitwa Frame Limiter, yaani kizuizi cha fremu. Kikiwashwa, gemu hutoa takriban fremu 25 kwa sekunde na haizidi hapo. Kila fremu ina milisekunde 40. Skrini ya laptopu, kwa upande wake, hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kila milisekunde 16.7, na haisubiri mtu.

Jaribu kugawa. Sitini kwa ishirini na tano ni mbili na desimali nne. Skrini haiwezi kuonyesha fremu mara mbili na desimali nne. Itaonyesha moja mara mbili, nyingine mara mbili, ya tatu mara tatu, ya nne mara mbili, ya tano mara tatu. Fremu moja inakaa milisekunde 33, nyingine 50. Gari linakwenda kwa mwendo uleule katika hesabu za gemu, lakini machoni linaonekana likivutwa na kuachiwa. Prosesa imepumzika, diski imepumzika, kadi ya michoro imepumzika, na mwendo bado una mikwaruzo.

Televisheni za Uganda za enzi ya PlayStation 2 zilifuata mfumo wa PAL, unaobadilisha picha mara 50 kwa sekunde. Ishirini na tano huingia katika hamsini mara mbili kamili, bila baki. Kinachosumbua kwenye laptopu hakikuwa na nafasi ya kusumbua pale.

Dawa zake ni za hesabu tu:

- Kama monita yako inakubali kubadilisha picha mara 75 kwa sekunde, ichague kwenye mipangilio ya Windows. Ishirini na tano huingia katika 75 mara tatu kamili.
- Kama skrini inakubali 60 tu, zima kizuizi cha ndani ya gemu na utumie programu ya nje kuweka kikomo cha fremu 30. RivaTuner Statistics Server hufanya kazi hiyo bure. Thelathini huingia katika 60 mara mbili kamili.

Kwa nini usiache gemu ikimbie bila kikomo?

Wengi hujaribu kuzima kizuizi na kuacha fremu zipande hadi 100 au zaidi. Picha inalainika, lakini mambo ya ajabu yanaanza. Mhusika akiogelea anasogea polepole kuliko kawaida. Gari nalo linakuwa na tabia tofauti barabarani.

Sababu imo katika namna gemu nyingi za wakati ule zilivyoandikwa. Sehemu ya hesabu za mwendo zilipangwa kwa kila fremu, kwa kuamini kwamba fremu zitakuwa 25 au 30 kwa sekunde. Ukibadilisha idadi ya fremu, unabadilisha kanuni za dunia ya gemu. Watengenezaji hawakufanya uzembe. Waliandikia mashine waliyoijua, PlayStation 2, ambayo kila mnunuzi alikuwa nayo ileile. Kizuizi kiliwekwa kuilinda kazi yao. Ukikizima, weka kikomo chako mwenyewe kisichoenda mbali na kile chao, na 30 ni salama.

Wapenzi wa gemu hii wametengeneza pia kifurushi cha marekebisho cha bure kinachoitwa SilentPatch, kinachosahihisha makosa mengi ya toleo la kompyuta. Kabla ya kununua chochote, jaribu hicho.

Windows imekua, gemu imebaki

San Andreas ilifika kwenye kompyuta mwezi mmoja tu baada ya Intel na AMD kuanza kuwauzia watu wa kawaida prosesa zenye viini viwili. Kiini ni sehemu ya prosesa inayoweza kufanya kazi moja kwa wakati wake. Gemu ilikuwa imeandikwa wakati kompyuta nyingi zina kiini kimoja, kwa hiyo karibu kazi yake yote hupita kwenye kiini kimoja hadi leo. Prosesa yenye viini vinne haiiendeshi kwa kasi ya mara nne. Muuzaji akikuambia idadi ya viini, muulize pia kasi ya kila kimoja.

Mabadiliko mengine yamo kwenye Windows yenyewe. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, hufanya kazi nyingi nyuma ya pazia: hupakua masasisho, hukagua virusi, huorodhesha mafaili ili uyapate haraka ukiyatafuta. Kwenye diski ya sahani, kazi hizo na gemu hugombea mkono mmoja wa kusomea. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager litafunguka. Ukiona safu ya diski imefika asilimia 100 wakati gemu inakwama, umempata mchelewaji.

Ipo sababu nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Windows ina saa ya ndani ambayo kwa kawaida hupiga mara 64 kwa sekunde, kila milisekunde 15.6. Gemu kadhaa za zamani, zikimaliza kazi ya fremu mapema, huiambia Windows: niamshe baada ya milisekunde moja. Kama saa ya ndani haijaongezewa kasi, zinaamshwa baada ya milisekunde nyingi zaidi, na fremu nyingine imechelewa. Hadi mwaka 2020, programu yoyote iliyoiongezea saa hiyo kasi ilizinufaisha programu zote zilizokuwa wazi, na kivinjari cha intaneti kilikuwa kimojawapo. Sasisho la Windows 10 la mwaka huo lilibadilisha utaratibu huo. Kijana aliyesema gemu yake ilianza kukwama baada ya sasisho, bila yeye kugusa kitu, hakuwa anabuni.

Kwa ufupi:

- Gemu ya zamani hutumia kiini kimoja zaidi kuliko vingine.
- Programu za nyuma ya pazia huichelewesha diski, na kupitia diski huichelewesha fremu.
- Sasisho la Windows linaweza kubadilisha tabia ya gemu ambayo haijabadilika.

Vumbi, chaja na umeme wa Kampala

Kampala si jiji la joto kali. Iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida haufikii joto la Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo laptopu inayochemka Kampala isisingiziwe hali ya hewa. Angalia vumbi. Miezi ya kiangazi, barabara za murram hurusha vumbi jekundu, laini kama unga, na feni ya laptopu hulivuta ndani saa zote. Baada ya miaka miwili mitatu, matundu ya kutolea joto huwa yamezibwa na tabaka nene. Krimu inayowekwa kati ya prosesa na chuma cha kupoozea nayo hukauka.

Prosesa ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi za laptopu ni takriban nyuzi joto 100, hujipunguzia kasi ili isiungue. Ikipoa kidogo inarudi kasi, ikichemka inapunguza tena. Dalili yake haifichiki: gemu inakwenda vizuri dakika za mwanzo, kisha inaanza kusita kwa mawimbi, na chini ya laptopu hapashikiki. Fundi akiifungua, akaisafisha na kupaka krimu mpya, mashine "iliyochoka" hurudia ujana wake. Ukiwa nyumbani, acha kuiweka juu ya godoro au blanketi, maana huko unaziba matundu kwa mikono yako.

Chaja ni mshukiwa ambaye watu hawamfikirii. Laptopu za baadhi ya kampuni hukagua chaja zinapochomekwa. Zisipoitambua, au zikiona haina wati za kutosha, hushusha kasi ya prosesa hadi sehemu ndogo ya uwezo wake na kukataa kuchaji betri. Mtu ananunua chaja ya bei rahisi yenye ncha inayoingia, taa inawaka, na tangu siku hiyo kila kitu kinajikokota. Linganisha wati zilizoandikwa kwenye chaja na zile zinazotakiwa chini ya laptopu. Ukiona onyo kuhusu chaja wakati wa kuwasha mashine, lisome, usilibonyeze likapita.

Kisha kuna umeme wenyewe. Mwaka uleule gemu hii ilipotoka kwa kompyuta, maji ya Ziwa Victoria yalikuwa yameshuka, mitambo ya Jinja ikapungukiwa, na Kampala ikaingia katika mgao mkali wa umeme wa 2005 na 2006. Tangu hapo bwawa la Bujagali limeanza kazi mwaka 2012, na la Karuma, lenye megawati 600, limezinduliwa mwaka 2024. Uzalishaji umeongezeka sana, lakini kukatika na kurudi kwa umeme mitaani hakujaisha.

Je, umeme hafifu unakwamisha gemu? Moja kwa moja, hapana. Soma chaja yako: nyingi zimeandikwa volti 100 hadi 240, kwa hiyo voltiji ikishuka kidogo haitikisiki. Kinachokwamisha ni umeme unaokatika na kurudi kila mara. Kila unapokatika, laptopu huhamia kwenye betri na kupunguza kasi ili itunze chaji. Kila unaporudi, hupandisha tena. Kila badiliko linaweza kukugharimu fremu kadhaa. Kwenye mipangilio ya umeme ya Windows unaweza kuchagua kasi ileile kwa hali zote mbili, ukikubali kwamba betri itaisha upesi.

Kukwama kwa mtandao ni jambo jingine

Ukicheza na watu walio mbali, kuna kuchelewa kusikohusu fremu. Picha yako inakwenda laini, lakini magari ya wenzako yanarukaruka, au risasi yako inafika baada ya adui kuondoka. Hapo taarifa zinachelewa njiani. Kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, intaneti nyingi ya Uganda ilipitia setilaiti zilizo takriban kilomita 36,000 juu ya dunia, na safari ya kwenda na kurudi ilichukua karibu nusu sekunde. Leo ni pungufu sana ya hapo, ingawa seva nyingi za gemu bado ziko Ulaya. Kuzitofautisha aina hizi mbili ni rahisi: zima intaneti, cheza peke yako. Kukwama kukibaki, tatizo liko ndani ya mashine.

Kumtafuta mchelewaji

Fundi mzuri hujulikana kwa swali lake la kwanza. Mteja anaingia dukani na kusema:

"Fundi, mashine hii ikicheza gemu inakwama."

Fundi mmoja atajibu, "Ssebo, hii imezeeka, ongeza pesa nikupe nyingine." Mwingine atauliza, "Inakwama wakati gani, ssebo? Mwanzo, katikati, ukigeuka, au ukikimbiza gari?" Huyo wa pili ndiye wa kumwachia laptopu yako, kwa sababu wakati wa kukwama humtaja aliyekwamisha:

- Ukiingia mtaa mpya kwa kasi: diski.
- Wakati wote, kwa mdundo usiobadilika: kikomo cha fremu hakigawanyiki kwenye kasi ya skrini.
- Baada ya dakika kumi au ishirini za kucheza: joto.
- Tangu siku uliyobadilisha chaja: chaja.
- Ghafla, bila mpangilio, huku taa ya diski ikiwaka: programu za nyuma ya pazia.
- Umeme unapokatika au kurudi: mpangilio wa umeme.
- Ukiwa mtandaoni tu: intaneti.

Ukitaka ushahidi zaidi ya macho, RivaTuner inaweza kuchora mstari wa muda wa kila fremu juu ya gemu. Mstari ulionyooka ni afya. Mwiba unaochomoza juu ni fremu iliyochelewa. Tazama ulikuwa unafanya nini mwiba ulipotokea, rudia kitendo kilekile, uone kama unarudi.

Halafu fuata kanuni moja bila kuivunja: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukisafisha feni, ukabadilisha diski na kuondoa programu siku hiyohiyo, hutajua kilichosaidia, na tatizo likirudi utaanzia mwanzo. Anza na vya bure: kikomo cha fremu, programu za nyuma ya pazia, mpangilio wa umeme. Fuata vya bei ndogo: kusafisha na krimu. Malizia na vya kununua: chaja sahihi, kisha SSD. Kubadilisha mashine nzima kuwe kwa mwisho, baada ya haya yote kushindwa.

Faida yake nje ya gemu

Mzazi anaweza kuuliza kuna faida gani kutumia jioni nzima kumtafuta mchelewaji ndani ya gemu ya miaka ishirini iliyopita. Faida ipo, na ni kubwa. Laptopu ileile inayokwama Los Santos ndiyo inayoandika tasnifu, inayotunza hesabu za duka, inayohariri video za harusi. Diski inayochelewesha majengo ya gemu ndiyo inayochelewesha faili la mahesabu kufunguka. Vumbi linaloipunguzia gemu kasi litaipunguzia kasi kazi ya mteja anayelipa. Tofauti ni kwamba programu ya kuandikia hukuvumilia: ikichelewa nusu sekunde, huenda usijue. Gemu hudai kazi kamili kila baada ya milisekunde chache, kwa hiyo hufichua ugonjwa mapema, ungali wa kutibika kwa pesa kidogo.

Katika nchi ambako kompyuta nyingi hufika zikiwa zimeshatumikia wengine, maarifa haya yana thamani ya shilingi halisi. Kijana anayejua kuuliza fremu ipi imechelewa na kwa sababu gani hadanganywi kirahisi dukani, na hatupi mashine ambayo ingeweza kufanya kazi miaka mingine mitano. Ajifunze kwa gemu anayoipenda, kisha akaangalie laptopu ya mama yake, ya mwalimu wake na ya jirani mwenye duka. Atakuta wachelewaji walewale.